Rumeti wangu Mchina anagoma kuongezwa chanjo ya MMR na mimi nina mtoto wa miezi saba ndani, nifanyeje?

BARUA

Shangazi shikamoo,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni binti wa Tanga, niko huku Marekani nafanya masters, huu ni mwaka wa pili. Nina mtoto wa kike wa miezi saba, baba yake kazi iko jimbo lingine anakuja wikiendi, kwahiyo ili kodi isinimalize nimepanga nyumba na wanafunzi wenzangu wawili Wachina, dada na kaka, kila mtu na chumba chake ila jiko na sebule tunashea. Yule dada nitamuita Mei, sio jina lake. Tunaishi vizuri mno, nikiwa na mtihani Mei ndio anabaki na mwanangu, akipika lazima anibakishie, yaani sina kinyongo nae hata kidogo naomba ulijue hilo kabla sijaendelea.

Shida imeanza hivi karibuni. Mei amehamia chuo chetu muhula huu, kitengo cha afya wamemuandikia kwamba chanjo yake ya MMR, hii ya surua matubwitubwi na rubela, haijakamilika, wanataka dozi mbili wao wanaona moja tu, asipokamilisha wanamfungia usajili wa muhula ujao. Sasa yeye ana kile kijitabu chake cha chanjo cha utotoni, mama yake alikipiga picha kurasa zote akamtumia, Kichina kitupu na mihuri myekundu, na kweli humo zipo sindano mbili, ya miezi minane na ya mwaka na nusu. Amekasirika sana, anasema hawa watu wanadharau chanjo za kwao. Mama yake nae kila asubuhi wanapigiana vidio, namsikia anavyopandisha sauti, Mei ananitafsiria kwamba mama hataki achomwe tena, eti mtoto wa kike kujazwa chanjo ataharibu uzazi, na kama kitu kikitokea huko yuko peke yake nani atamuuguza.

Chanjo ya mafua ndio kabisa, chuo wanachoma bure kila mwaka nikamwambia twende akacheka, akatoa kwenye droo pakiti za dawa yao ya mitishamba inaitwa banlangen, akasema hii na maji ya moto inatosha. Kinachonichanganya zaidi shangazi, mtu huyuhuyu kila siku ananiuliza lini nitamsindikiza kliniki akachomwe chanjo ya HPV, ile ya saratani ya mlango wa kizazi, tena anataka ile inayokinga aina tisa za kirusi cha HPV na sio nyingine! Sasa hofu ya uzazi imeenda wapi hapo?

Yule kaka yeye hataki kusikia neno chanjo. Anasema wakati wa korona alichoma za kwao, alivyofika huku akaambiwa haitambuliki akachomwa upya, basi ametosheka.

Mimi naangalia mwanangu. Surua imekuwa habari ya kila siku huku na mtoto bado hajafika umri wa kuchanjwa, Desemba tunarudi nyumbani Tanga kumuonyesha kwa bibi yake. Mume wangu anasema tuhame. Juzi nikamwambia Mei wazi kwamba nyie Wachina hamuamini chanjo na mnaniwekea mtoto wangu hatarini, akanyamaza, tangu siku hiyo anakula chumbani kwake. Nihame? Niende kuwaambia wale wa kitengo cha afya? Au nitafute makala nzuri nimtumie asome? Nisaidie mama yangu.

Mama Mwajuma, Marekani

JIBU

Marahaba mwanangu, hongera kwa masomo na hongera kwa Mwajuma, Mungu amkuze.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua mimi nimekuwa nesi kwenye kliniki ya chuo huku kabla sijaanza kuandika, na wanafunzi wa Kichina niliwahudumia wengi sana, maana ni wengi kweli, mwaka wa masomo 2023/24 walikuwa zaidi ya 277,000 kwenye vyuo vya Marekani. Kwa hiyo hili unaloniandikia nalijua kwa ukaribu na nitakujibu kirefu kidogo.

Kwanza kabisa, Mei sio mtu anayekataa chanjo. Mtu anayekataa chanjo hakusumbui kila siku umsindikize akachomwe dozi tatu za HPV. Mei anachagua, na kila chanjo anaichagua kwa sababu yake, ukizichanganya zote kwenye sentensi moja ya "nyie Wachina" humpati tena, na umeona mwenyewe amehamia kula chumbani.

Tuanze na MMR kwa sababu ndio inayokugusa wewe na mtoto. Chuo hakijadharau chanjo ya China. Kinachotokea pale kliniki ni kwamba nesi anachukua tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya sindano anatoa siku, basi. Kanuni ya Marekani inasema dozi ya surua inahesabika kama imetolewa mtoto ameshatimiza mwaka mmoja, ikiwa chini ya hapo haihesabiki hata kama imetengenezwa Marekani kwenyewe. China ratiba yao wanaanza miezi minane, na wana sababu nzuri, surua ilikuwa inawaua watoto wadogo kwahiyo hawakuweza kusubiri. Marekani wanasubiri mwaka mmoja kwa sababu mtoto mdogo bado ana kingamwili, yaani askari wa mwili, alizorithi kwa mama yake kwenye damu na zinaweza kuipunguza chanjo nguvu. Nchi mbili, hali mbili, hesabu mbili. Sasa ile ya miezi minane ya Mei inatupwa, ile ya miezi kumi na minane inakubaliwa, ndio maana wanaona moja.

Na wewe mwanangu umezaliwa Tanga, sindano yako ya surua ulichomwa miezi tisa kama watoto wote wa nyumbani. Naamini na wewe ulipofika chuo ulichomwa upya kwa sababu hiyohiyo. Kaa na Mei umuonyeshe hilo, mwambie hata mimi yangu ya miezi tisa waliikataa. Hakuna makala itakayomtuliza kuliko hiyo kauli, maana kinachomuuma Mei ni kuona nchi yake imedharauliwa.

Halafu kuna njia ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi kwa sababu foleni ni ndefu na nesi amechoka. Vyuo vingi vinakubali kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ana kinga ya surua, matubwitubwi na rubela. Damu ikionyesha kinga ipo, hakuna sindano, anapeleka majibu usajili unafunguliwa. Ikionyesha haipo, basi hata mama yake atakuwa na karatasi mkononi inayosema binti yako hana kinga. Aulize bei kwanza, kwasababu bima nyingi zinalipa chanjo kwa asilimia mia lakini kipimo hiki wakati mwingine wanakuachia bili. Na kama ana kinga tayari na akaamua tu kuchomwa ili yaishe, dozi ya ziada haimdhuru.

Sasa mama yake. Wewe umemsikia anapandisha sauti tu, mimi nataka uelewe anatokea wapi. Huyu ni mzazi aliyelea mtoto kipindi ambacho nchini kwake maziwa ya kopo ya watoto yalikutwa yametiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, mwaka 2008, watoto karibu 300,000 wakaugua na sita wakafa. Mwaka 2016 ikaibuka kesi ya jimbo la Shandong, mama na binti yake walikuwa wananunua chanjo na kuzisambaza mikoa mingi kwa miaka bila baridi inayotakiwa. Watu hawajasahau hiyo, Julai 2018 kampuni ya Changchun Changsheng ikabainika imeghushi rekodi za kutengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa, na dozi zaidi ya 250,000 za chanjo yake ya watoto ya dondakoo, kifaduro na pepopunda zikakutwa hazina nguvu inayotakiwa na zimeshachomwa kwa watoto. Serikali iliipiga faini ya yuani bilioni 9.1 na ikatunga sheria maalum ya chanjo iliyoanza Desemba 2019. Lakini fikiria ile wiki ya Julai, wazazi nchi nzima wanafungua makabati wanatoa vile vijitabu vyenye mihuri myekundu, wanapitia namba ya toleo moja baada ya nyingine waone kama mtoto wao yumo. Kijitabu alichokipiga picha mama Mei akamtumia kinaweza kuwa ni hichohicho alichokipitia kwa mikono inayotetemeka. Anajua kwa macho yake kwamba mtu mzima anaweza kukuambia chanjo ni salama na ikawa sio kweli. Ukija na lugha ya "hamuamini chanjo" unamtukana mtu ambaye aliamini akaumizwa.

Na hapo sasa ndio utaelewa kwanini HPV anaikimbilia. Baada ya kashfa zile Wachina wengi walihitimisha kwamba chanjo iliyotengenezwa nje ndio ya uhakika, waliokuwa na uwezo wakawa wanavuka kwenda Hong Kong kuchanja watoto. HPV ya aina tisa Marekani iliidhinishwa Desemba 2014, China ikaja kuidhinishwa Aprili 2018, na mwanzoni ilikuwa kwa wanawake wa miaka 16 hadi 26 tu, mpaka Agosti 2022 ndio wakafungua miaka 9 hadi 45. Dozi moja ilikuwa yuani 1,300 hivi, dozi tatu unakaribia yuani 4,000, kutoka mfukoni mwako, na hata ukiwa na hela hupati, miji mingine waliendesha bahati nasibu, unajiandikisha kwenye simu unasubiri jina litoke. Wasichana waliosubiri wakapitwa na umri walikuwa wengi. Sasa huyo msichana anafika Marekani anaikuta iko kwenye friji ya kliniki ya chuo na bima ya chuo inalipa yote, mwanangu hata wewe ungeomba usindikizwe! Ni kitu ambacho nyumbani kilikuwa adimu na cha thamani, na marafiki zake wote wanakiongelea kwenye Xiaohongshu, mtandao wao wa kijamii, wanaweka picha ya mkono wenye plasta na maelezo ya ulipie vipi na uende dirisha gani.

Kwahiyo msindikize. Usiifanye kuwa rushwa ya kumwambia chomwa MMR kwanza ndio twende. Nenda nae. Dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja au miwili, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza, apange zote ziishe kabla hajarudi China kwa likizo ndefu ili asianze kuhangaika kutafuta ya kumalizia. Na mkishakuwa mmekaa pale kitini kwa nesi, ndio nafasi nzuri kuliko zote ya kutoa simu na zile picha za kijitabu na kuuliza hesabu ya MMR. MMR inaweza kuchomwa siku hiyohiyo na HPV, mkono huu na mkono ule, akitaka.

Hofu ya uzazi usiicheke. Mjibu moja kwa moja: chanjo ya MMR haiharibu uzazi. Kilicho kweli ni kwamba haichomwi kwa mjamzito, na baada ya kuchomwa mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa mwezi mmoja, na hapo ndipo maneno yanapopindishwa mpaka yanafika kwenye grupu la familia la WeChat, ile WhatsApp yao Wachina, yamekuwa kitu kingine kabisa. Mwambie na madhara ya kweli pia, usimfiche, mkono utauma, anaweza kupata homa au vipele vyepesi baada ya wiki moja hivi, na wanawake watu wazima wengine huumwa viungo kwa muda kidogo halafu inaisha. Mtu akiambiwa haya mapema na yakatokea, anakuamini zaidi. Akiambiwa "hakuna kitu kabisa" halafu vidole vikamuuma usiku yuko peke yake chumbani, nani tena atamsikiliza nesi?

Na hilo la peke yake ni kubwa kuliko mnavyolidhania nyinyi mlio na ndugu. Mama amesema nani atamuuguza, na kizazi cha Mei wengi wao ndio mtoto pekee nyumbani kwao. Mzazi yuko masaa kumi na mbili mbele, hajui hospitali ya huko inafanyaje, hajui lugha, anachoweza kufanya ni kukataza. Mjibu kwa vitendo, mwambie Mei siku ukichomwa mimi nitakuwepo nyumbani, nitakupikia uji, ukipata homa nitakupeleka, na nisalimie kwa mama kwenye vidio mwambie hivyo. Hata kama hamuelewani lugha, amuone mtu mzima mwenye mtoto mgongoni yuko hapo, kwa mama hilo lina uzito.

Kuna jambo lingine mtu wa nje halioni kirahisi nalo ni damu kutolewa. China huko nyuma mtu akikutwa na homa ya ini B alikuwa anaweza kunyimwa kazi au chuo kwa jibu la maabara tu, mpaka serikali ilipopiga marufuku vipimo hivyo kwa waombaji wa kazi na shule mwaka 2010. Wazazi wao waliyaishi hayo na wakawafundisha watoto tahadhari, kwahiyo mwanafunzi mwingine ukimwambia tutatoa damu anasita na hakuambii kwanini. Mwambie Mei kwamba kipimo cha MMR kinaangalia MMR tu, na majibu ya kliniki kwa sheria za huku hayapelekwi kwa mwajiri wala kwa mwenye nyumba. Asome jina la kipimo kwenye fomu kabla hajasaini, ana haki hiyo.

Bima nayo muulize. Bima ya chuo kwa kawaida inalipa chanjo zinazopendekezwa bila wewe kutoa senti ukienda kwa mtoa huduma aliye kwenye mtandao wao, lakini wapo wanafunzi wanaonunua bima za bei nafuu kupitia mawakala wa WeChat, malipo yake ni madogo, halafu chanjo haimo kabisa. Nimeona wengi waliosema "siamini chanjo" na ukichimba kidogo unakuta anaogopa bili na anaona aibu kusema. Na Kiingereza cha hospitali ni kingine, mtu ana alama za juu za darasani lakini nesi akimuuliza maswali ya mzio kwa haraka anaitikia tu ndiyo ndiyo, akitoka hapo harudi tena. Kliniki nyingi zina mkalimani wa simu wa Mandarin, unaomba tu, ni bure.

Mafua hapo nitakuwa mkweli kwako, hutamshinda kirahisi. China chanjo ya mafua sehemu nyingi mtu anajilipia mwenyewe na wanaochanjwa kwa mwaka hawafiki asilimia 5 ya watu wote, hajakua akiona mtu anaenda kuchomwa mafua. Kwake mafua ni kulala, maji ya moto na banlangen. Mwache na maji yake ya moto, usishindane nayo, mwambie jambo moja tu ambalo ni la kweli na linamhusu: Mwajuma ana miezi saba na mafua yanaweza kumlaza hospitali. Nimeona wanafunzi ambao hawakuwahi kujali mafua kwa ajili yao wakakubali kwa ajili ya mtoto wa mtu wanayempenda, na umeniambia Mei anampenda mwanao.

Yule kaka ana madai ya haki. Chanjo za korona za China, Sinovac na Sinopharm, zilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya dharura, Sinopharm Mei 2021 na Sinovac Juni 2021, lakini vyuo vingine huku mwanzoni vilitambua zile zilizoidhinishwa na Marekani tu na vijana wakachomwa mara ya pili. Upande wa pili ubalozi wao ulikuwa unadai vipimo viwili kabla ya kupanda ndege kurudi China, cha virusi na cha damu cha kingamwili za IgM, sasa mtu aliyechanjwa alikuwa na wasiwasi kipimo cha damu kitasoma chanya na tiketi ya bei ya kuruka ipotee. Wakati huohuo vyombo vya habari vya nyumbani kwao vinaitilia mashaka Pfizer, vya huku vinaitilia mashaka Sinovac, kijana wa miaka ishirini yuko katikati. Huyo hahitaji hotuba. Muulize tu kama kwenye rekodi yake MMR iko sawa, maana kama anasoma hapo bila kizuizi inawezekana ameshakamilisha zamani na unamhofia bure.

Usiende kumripoti Mei. Kitengo cha afya ndio waliomuandikia, wanajua kila kitu, utakachopata ni kuvunja urafiki. Lakini kuna jambo ambalo ni haki yake kulijua kabla hajaamua: mlipuko wa surua ukitokea chuoni, mtu asiye na uthibitisho wa kinga aliyekaribiana na mgonjwa anaweza kuzuiwa kuingia darasani mpaka siku 21. Kwa mwanafunzi wa viza hizo ni wiki tatu za maabara na masomo. Na mwaka 2025 Marekani ilipata wagonjwa wa surua zaidi ya 2,000, haijawahi kufika hapo tangu nchi itangazwe kutokomeza ugonjwa huo mwaka 2000.

Usimtumie makala wewe. Akisoma makala ya Kiingereza iliyotoka kwako ataona unamsomesha. Mtafutie Mchina mwenzake aliyemtangulia chuoni, aliyepita kwenye hesabu hii hii ya miezi minane, akamalizana nayo, chama cha wanafunzi wa Kichina kiko karibu kila chuo kikubwa, ndani ya nusu saa utakuwa umempata. Neno la aliyetangulia wanaliheshimu sana, na atamueleza kwa lugha yake pamoja na jinsi ya kumueleza mama.

Na kabla ya hayo yote mrudie Mei kwa lile neno la juzi. Mgongee mlango na sahani ya chakula, mwambie nilisema "nyie Wachina", haikuwa sawa, niliogopa kwa ajili ya mtoto. Halafu muulize: katika hii MMR kitu gani hasa kinakusumbua, ni hesabu, ni mama, ni hela, au ni sindano yenyewe? Akijibu usimkatishe.

Kuhusu kuhama, sikushauri kwa sababu ya Mei. Ana dozi moja inayokubalika, na dozi moja ya MMR inakinga surua kwa takriban asilimia 93, mbili asilimia 97, huyo sio hatari uliyokuwa unaiogopa. Hatari ya Mwajuma iko zaidi kwenye mabasi, kanisani au msikitini, na hasa uwanja wa ndege, kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kuondoka.

Na hapo ndipo pana habari njema ambayo sijui kwanini hujaambiwa. Umesema mtoto hajafika umri, lakini mtoto wa miezi sita hadi kumi na moja anayesafiri nje ya Marekani anashauriwa kupewa dozi ya mapema ya MMR, na pia madaktari wanaweza kuitoa kama kuna mlipuko eneo lenu. Unasafiri Desemba. Piga simu kwa daktari wa watoto Jumatatu, mwambie tarehe ya tiketi, achomwe angalau wiki mbili kabla ya safari. Siku hiyohiyo uliza na chanjo yake ya mafua, akiwa anaanza mwaka wa kwanza anahitaji dozi mbili zilizopishana wiki nne, kwahiyo usichelewe. Hiyo MMR ya mapema haitahesabika huku, atachomwa nyingine mbili akishatimiza mwaka, na ukifika nayo Tanga waonyeshe kliniki kadi yake ya huku ili wajue amepata nini na lini, wasibahatishe. Siku daktari atakapokuambia haihesabiki, mchukue Mei mwende nae, asikie kwa masikio yake kwamba hata sindano iliyochomwa Marekani na nesi wa Marekani wanaikataa mtoto akiwa hajatimiza mwaka.

Jambo la mwisho ni kipimo cha kifua kikuu, maana najua na chenyewe kitakuja kwa Mei kama kilivyokuja kwako. Nyote wawili mna kovu la BCG begani, ile chanjo ya kifua kikuu ya utotoni, na kile kipimo cha kuchoma chini ya ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG mkaambiwa mna TB wakati hamna. Aombe cha damu, hicho BCG haikichanganyi. Na kama anachomwa MMR, kipimo cha TB kifanyike siku hiyohiyo au asubiri wiki nne, kwa sababu MMR inaweza kukifanya kisome vibaya. Mwandikie kwenye karatasi ubandike kwenye friji, wanasahau wote wawili, mgonjwa na nesi.

Niandikie baada ya miadi ya Mwajuma.

Shangazi